Jino Lilifika Kabla ya Ndovu

Asanteni, na walioko nyuma sogeeni, viti vipo. Wengi wenu mmepita Makumbusho ya Taifa mkamwona Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyekufa 1974. Mnazikumbuka pembe zake, nusura ziguse chini. Leo nazungumzia watu waliopata pembe kama zile bila kumwona mwenyewe.

Kwanza nisaidieni. Ndovu kwa Kikuyu? Njogu. Kwa Kikamba? Nzou. Mganda yupo? Enjovu, ahsante. Mzulu naye husema indlovu. Ni neno moja, limehama na wasemaji wa Kibantu kizazi hadi kizazi, na mnyama mwenyewe alikuwa nao njiani. Mjaluo akisema liech na Mmaasai oltome, hao wana shina lao.

Sasa twende Ulaya. Mwitaliano, Mhispania na Mreno husema elefante, Mfaransa éléphant, Mromania elefant. Majina yote yametoka Kilatini, nacho kilikopa kwa Wagiriki: elephas. Hapa ndipo penye utamu. Kwa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, elephas ni pembe ya kupambia vitu; mnyama humwoni popote. Kwa Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ndipo ndovu mzima anapojitokeza. Yaani walijua bidhaa kwanza, mnyama alipokuja wakamvisha jina la bidhaa. Ni kama mtu aliyezoea asali tu, siku akimwona nyuki amwite asali.

Warumi walikutana naye vibaya. Mwaka 280 kabla ya Kristo, Pyrrhus, mfalme wa Epirus huko Ugiriki, alivuka bahari na ndovu wa vita, wakapigana huko Lucania, kusini mwa Italia. Warumi wakamwita luca bos, ng'ombe wa Lucania. Msicheke! Kwao hapakuwa na mnyama mkubwa kuliko ng'ombe.

Wagoth, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, ndio walioniacha hoi. Kwao ulbandus, neno ambalo wanaisimu wengi huliunganisha na elephas, ni ngamia. Jina lilifika peke yake, wakamtafutia mnyama wa kulibeba.

Tukirudi kwenye pembe, Mhispania huiita marfil, na humo ndani mna fil, yaani ndovu kwa Kiarabu, ile ile ya Suratul Fil. Mromania husema fildeș, kutoka Kituruki, maana yake jino la ndovu. Nao wako sawa kuliko sisi: ni meno hasa, yanaota kwenye taya, wala si pembe kama za ng'ombe. Lakini nani atakubali kusema "meno ya ndovu" sokoni? Mimi sitajaribu.

Namalizia na hiki kilichomo mkononi mwangu, kete ya chesi. Waingereza huiita askofu. Mhispania huiita alfil, al-fil, ndovu. Mrusi naye slon, ndovu vilevile. Waarabu hawakumchonga mnyama mzima. Walichonga kigogo kifupi chenye vinundu viwili juu, ndiyo pembe zake. Kikavuka hadi Ulaya hivyo hivyo, bila mkonga, bila masikio. Pembe zimefika tena, ndovu kaachwa nyuma.

Haya, maswali.