Tundu Lisilopita Sindano: Mhadhara Juu ya Masta ya Breki ya Mbele

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa huko mlangoni, sogeeni mbele tafadhali. Leo nina vitu vidogo vya kuonyesha, na mtu wa nyuma hatoviona.

Hapa mezani pana masta silinda mbili za breki ya mbele, yaani kile kipampu kilichoko kwenye usukani, ambacho mkono wa breki unakisukuma ili kipeleke mafuta kwenye breki. Hii mpya, bado imo ndani ya karatasi yake. Na hii nyengine niliitoa kwenye Honda CB750 ya miaka ya 1970, nikaipasua kwa msumeno kwa urefu, kama mtu anavyopasua muwa, ili tuone ndani mlikuwa na nini. Itazunguka mikononi mwenu. Naomba isirudi kabla kila mtu hajaitazama.

Honda walipoitoa CB750 mwaka 1969, ilikuwa pikipiki ya kwanza ya kutengenezwa kwa wingi yenye diski mbele inayobanwa kwa mafuta. Kabla yake, wengi wetu tumelelewa kwenye breki ya ngoma na waya. Waya una uungwana wake: ukichoka unauona, unafumuka uzi mmoja mmoja, unakupa siku zako za kujipanga. Mafuta hayafanyi hivyo. Ugonjwa wake umo ndani ya chuma, na kwa nje masta inang'ara kama siku ya harusi.

Tazameni ndani ya hii iliyopasuliwa. Huku juu ni kikopo cha mafuta. Chini yake ni njia ya pistoni. Pistoni imevaa vikombe viwili vya mpira. Cha mbele ndicho kinachosukuma mafuta, cha nyuma kinazuia yasivuje nje kuelekea kwenye mkono wa breki. Mbele ya pistoni pana springi ya kuirudisha. Sasa tazameni sakafu ya kikopo. Mnaona matundu mangapi? Wengi wataniambia moja. Yako mawili. Lile kubwa linalisha mafuta nyuma ya kikombe cha mbele. La pili ni dogo mno, upana wake ni kama nusu milimita, sindano ya kushonea nguo haipiti. Hilo ndilo tundu la kurudishia. Ukiachia mkono wa breki, pistoni inarudi nyuma, kikombe kinalifunua lile tundu, na presha yote iliyobaki kwenye mpira, yaani bomba la kupeleka mafuta chini, na kwenye kaliperi, yaani kile kibanio cha diski kule gurudumuni, inapumua kupitia hapo na kurudi kikoponi. Likiziba, mafuta yamekwenda na hayana pa kurudi.

Nawaeleza kwa sababu limenifika. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, joto lile mnalolijua, niko kwenye foleni ya feri ya Likoni na pikipiki hiyohiyo. Foleni inasogea hatua mbili, unabana breki. Inasogea tena, unabana tena. Kila nikibana, pedi, vile vipande vinavyobana diski, zinabaki zimegusa diski kidogo. Zikigusa zinapata moto. Zikipata moto, mafuta yanatanuka, na kwa vile tundu limeziba hayana pa kutanukia ila kusukuma pedi zaidi. Nilipofika kwenye ule mteremko wa kushukia feri, gurudumu la mbele likakatalia palepale. Nyuma yangu watu mamia, akina mama na vikapu, mikokoteni, na mimi nina chombo cha zaidi ya kilo 200 kisichokwenda mbele wala kurudi. Vijana wanne wakaniinulia gurudumu la mbele wakalitoa pembeni. Mungu awabariki popote walipo.

Basi pale pembeni nilifanya jambo ambalo nataka kila mmoja wenu alijue, maana ndilo linalokwambia kama masta ndiyo mgonjwa au unakwenda kununua masta bure. Gurudumu likikamata, usikimbilie kufungua kaliperi. Anza juu. Funika bolti ya mpira pale mastani kwa kitambaa, ilegeze kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, ugonjwa uko juu: ama tundu limeziba, ama mkono wa breki haurudi mpaka mwisho. Likiwa bado limekamata, kaza hiyo, shuka chini, legeza nipeli ya kutolea hewa kwenye kaliperi. Likiachia hapo, mpira wa breki ndio umevimba kwa ndani. Mafuta yanapita kwenda lakini hayarudi. Likikataa hata hapo, pistoni ya kaliperi imeshika kutu. Ni dakika tano za spana, na zinakuokolea fedha nyingi. Mimi siku ile nililegeza ya juu, mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka kwa kidole.

Nini kiliziba tundu? Chukua hii masta, pitisha ukucha mahali pistoni ilipokuwa ikikaa. Unahisi vishimo? Na ule ute mweupe mweupe kama chumvi iliyoloa? Hiyo ni aluminiamu iliyoliwa. Imeliwa na maji. Na hakuna mtu aliyemimina maji humo. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4, hayo ni madaraja ya mafuta ya breki yanayoandikwa kwenye kopo, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kupitia kifuniko, kupitia mpira wenyewe. Sasa nambieni, hewa ya Mombasa ina nini kama si unyevu? Nguo ukianika usiku asubuhi zimeloa upya. Chumvi ukiacha wazi inakuwa uji. Kopo la mafuta ya breki lililofunguliwa likakaa rafuni mwaka mzima ndilo hilohilo, ila hulioni.

Na maji hayali chuma peke yake. DOT 4 mpya lazima istahimili nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji yake, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. DOT 3 inaanza 205, inashuka mpaka 140. Yakichemka kwenye kaliperi yanageuka mvuke, na mvuke unabanika. Unabana breki, mkono unakwenda mpaka kwenye mpini, na pikipiki inaendelea na safari yake. Kwa hiyo mimi nabadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, hata pikipiki ikiwa imelala chini ya turubai. Hasa ikiwa imelala.

Haya, tumekubaliana masta ni ya kutolewa. Je, isitengenezwe? Ikiwa ndani pako laini na vikombe ndivyo vilivyochoka, weka vikombe vipya, ni kazi halali. Lakini ukishahisi vishimo kwa ukucha, acha. Nimeona watu wanapiga msasa humo mpaka pang'are. Umepanua njia ya pistoni, kikombe kipya hakitaziba, na unampa mwenye pikipiki breki itakayomwacha siku asiyoijua.

Kununua ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, nami ni mmoja wao. Masta yangu ya kwanza ya kubadilisha niliiuziwa kwa maneno "hii inaingia zote". Kweli iliingia. Usukani ni wa milimita 22, kibano cha kuifungia usukanini kikashika barabara, bolti zikakubali. Kubana, mkono mgumu kama ubao. Nikafurahi, nikasema hii ndiyo breki! Nashuka Daraja la Nyali kuelekea Kongowea, matatu mbele yangu ikasimama, nikabana kwa nguvu zangu zote, na chombo kinapunguza mwendo kama mtu anayesitasita. Nilipita pembeni kwa upana wa kiganja.

Sababu iko kwenye namba. Masta nyingi za Kijapani zimeandikwa ubavuni: 14, au 5/8. Ya 14 ni milimita 14, ni ya diski moja. Ya 5/8 ni ya inchi, karibu milimita 15.9, ni ya diski mbili. Mtaniambia tofauti haifiki milimita mbili. Lakini presha inafuata eneo la pistoni; jambo hili Mfaransa Blaise Pascal alilieleza karne ya 17. Pistoni ya 14 ina eneo la milimita za mraba 154. Ile ya 5/8 ina 198. Ili upate presha ileile, mkono wako lazima uongeze nguvu karibu asilimia 29. Mimi nilikuwa na diski moja na masta ya diski mbili. Ule ugumu niliousifu ulikuwa ni breki kunitaka nguvu zaidi. Ukifanya kinyume, masta ndogo kwa diski mbili, mkono utalainika lakini utakwenda mbali mpaka uguse mpini. Basi soma namba ya ile ya zamani kabla hujaitupa, na ukifika dukani usikubali "inaingia zote".

Kuitoa ya zamani nitapita haraka. Funika tangi kwa kitambaa kizito chenye maji, maana mafuta haya yanamenya rangi. Yakidondoka, mwagia maji mara moja, usipanguse kwa kitambaa kikavu. Skrubu za kifuniko kwenye pikipiki za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini si sawa. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuzila. Tafuta bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani, au angalau igonge skrubu kidogo kwa nyundo kwanza, kisha kandamiza kwa uzito wako wote ndipo uzungushe.

Sasa jambo ambalo nitalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Katika gereji zetu, kila kitu kinaoshwa kwa petroli au dizeli. Karibureta, cheni, beringi, sawa. Breki, hapana! Vikombe hivi vya mpira vimeumbwa kukaa na mafuta ya breki. Petroli, dizeli, grisi ya kawaida, vyote vinavivimbisha. Kikombe kilichovimba kinakaa juu ya lile tundu dogo na kulifunika, na ukarudi kwangu na gurudumu lililokamata, ukaapa masta mpya ilikuwa mbovu. Osha kwa mafuta ya breki safi, mikono yako pia iwe safi, basi.

Wakati wa kufunga, zile bolti mbili za kibano cha usukani ni ndogo, milimita 6, kaza ya juu kwanza kisha ya chini, kwa mkono wa kiasi. Washa za shaba, vile vipete vya kuzuia kuvuja kwenye bolti ya mpira, ziwe mpya zote mbili, moja juu ya jicho la mpira na moja chini yake. Shaba ya zamani imekwisha kubanwa, imekuwa ngumu, itavuja. Kisha cheza na mkono wa breki kabla ya kutia mafuta: lazima pawe na nafasi ndogo kabla haujaigusa pistoni. Usipokuwa na nafasi hiyo, pistoni hairudi mpaka mwisho, tundu halifunuki, na tumerudi Likoni.

Mafuta yawe ya kopo linalofunguliwa siku ileile. Someni kifuniko cha masta, kimeandikwa mafuta yanayotakiwa. Msichanganyikiwe na namba: DOT 5 ni ya silikoni, haichangamani na DOT 3 wala DOT 4. DOT 5.1, ingawa jina linakaribia, ni ndugu wa DOT 4.

Kutoa hewa kunataka subira, na mafundi wengi hushindwa hapa, wakatangaza kuwa masta imekufa kabla haijaanza kazi. Zungusha usukani mpaka masta iwe ndiyo mahali pa juu kabisa. Jaza kikopo. Kisha, kabla hujagusa nipeli ya chini, bonyeza mkono wa breki kidogo tu, nusu ya kidole, achia, bonyeza, achia. Polepole, maana ukivuta kwa ghafla mafuta yatakurukia usoni. Tazama sakafu ya kikopo. Utaona vipovu vidogo vinapanda, kimoja kimoja, kutoka kwenye lile tundu lisilopita sindano. Mimi hukaa hapo hata robo saa. Vikikoma ndipo nashuka chini na spana ya 8 na kijipira cha plastiki kilichozama kwenye chupa yenye mafuta: bana, fungua nipeli, funga, achia. Usiachie kabla hujafunga, utavuta hewa. Na mtu mmoja awe anakitazama kikopo kisikauke.

Mkono ukiwa bado laini kidogo jioni, funga kifuniko, ubane kwa kamba ya mpira kwenye mpini, uulaze hivyo hadi alfajiri. Hewa iliyobaki hupanda taratibu hadi mastani. Asubuhi ukifungua kamba, bonyeza tena mara chache polepole, utaona vipovu vya mwisho vinatoka. Halafu inua gurudumu la mbele, bana breki, achia, lizungushe kwa mkono. Lizunguke huru. Rudia mara kumi kabla hujaipanda, kisha jaribio la kwanza lifanyike uani kwa mwendo wa miguu, si barabarani.

Maswali nitayapokea sasa. Yule aliyeishika masta iliyopasuliwa, mwanangu, ielekeze kwenye taa, uitazame kwa chini. Tundu kubwa linapitisha mwanga. La pili halipitishi kitu, bado lina ute wake, sikulizibua. Jaribu kwa ncha ya uzi wa waya mwembamba niliouacha hapo mezani, uone ni kiasi gani cha uchafu kilichonisimamisha pale feri.