Kichwa cha Mvuke cha Mtumba: Boila Kwanza, Rangi Baadaye

REHEMA: Karibuni tena. Leo ni vichwa vidogo vya garimoshi vinavyoenda kwa mvuke wa kweli: boila ya shaba, moto, maji na mafuta. Mtu ameona kimoja cha mtumba, kimekaa kabatini miaka mingi, bei inavutia. Akinunue?

MWINYI: Inategemea boila, Rehema. Mengine yote yanatengenezeka kwa bisibisi na subira. Ila kwanza tuseme ni aina gani. Tunaongelea vya gesi, silinda mbili, vinavyopita reli yenye upana wa milimita 32 au 45. Roundhouse wa Doncaster kule Uingereza wanaunda vya namna hiyo, Regner wa Ujerumani na Accucraft pia.

REHEMA: Na reli ya 45 inatuhusu sisi moja kwa moja. Ukipunguza kila kitu mara 22.5, hiyo ndiyo reli ya mita moja, yaani ya Mombasa kwenda Uganda na Reli ya Kati ya Tanganyika. Anayetamani Garratt za Class 59, vile vichwa vikubwa vya reli ya Afrika Mashariki vyenye seti mbili za magurudumu na boila katikati, zile za Beyer Peacock wa Manchester zilizopewa majina ya milima, kipimo chake ni hicho.

MWINYI: Ajiandae lakini. Class 59 yenyewe ina urefu wa karibu mita 32, kwa hiyo mfano wake unapata kama mita 1.4. Kwenye kona kali haupiti. Aanze na kidogo cha magurudumu manne au sita.

REHEMA: Haya, kipo mezani, muuzaji anasubiri. Unaangalia nini?

MWINYI: Geji ya presha kwanza. Mshale usiporudi sifuri wakati boila ni baridi, geji imekufa au iliwahi kupigwa presha kupita kiasi, na hilo la pili linanifanya niulize maswali. Halafu naichukua tochi, nachungulia maungio. Mstari wa kijani penye lehemu maana yake maji yamekuwa yakitoka hapo. Natazama pia nati na plagi za shaba ya njano. Zikiwa zimegeuka rangi ya waridi, zinki imeshatoka ndani yake. Ukizikaza zinakatika zikiwa bado zimo kwenye boila.

REHEMA: Na bomba la moto, lile linalopitisha moto ndani ya boila?

MWINYI: Hapo hapo. Chungulia kupitia mlango wa sanduku la moshi. Shaba iliyowahi kuchomwa boila ikiwa kavu inakuwa na magamba meusi, wakati mwingine bomba limepinda kidogo. Boila nzuri huungwa kwa lehemu ya fedha, ambayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 600. Lehemu ya kawaida ya bati inaachia kwenye nyuzi 200 na kitu. Ukikuta mtu ameziba tundu la boila kwa lehemu ya bati, rudisha chombo mezani.

REHEMA: Tuseme imepita. Hapo watu wengi wanakosea, wanajaza maji na gesi siku hiyo hiyo. Hakuna moto kabla ya kupima kwa maji baridi. Unatoa valvu ya usalama, unaziba tundu lake kwa plagi, unajaza maji mpaka hewa yote itoke, halafu unaunganisha pampu ya mkono na geji unayoiamini. Presha ya kazi ya vichwa vingi vya Roundhouse ni PSI 40 (ratili kwa inchi ya mraba), basi unapandisha mara moja na nusu, yaani PSI 60, unaacha dakika kumi. Mshale usishuke, pasiwe na tone.

MWINYI: Na iwe maji, kamwe si hewa. Maji hayabanwi, boila ikipasuka yanadondoka tu. Hewa iliyobanwa inarusha vipande. Kipimo cha mara mbili ya presha ya kazi ni cha boila mpya inayotoka kuundwa. Ya zamani usiitese hivyo.

REHEMA: Ikiwa ndani kuna chokaa?

MWINYI: Asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Mimina, acha wazi saa kadhaa povu lipungue, mwaga, kisha suuza mara tatu nne. Ifanye kabla ya kupima, kwa sababu chokaa huwa ndiyo iliyoziba ufa. Asidi kali ya kusafishia vyoo isiguse boila.

REHEMA: Na baada ya hapo usirudishe chokaa. Maji ya visima vya Pwani yana chumvi na chokaa. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi, si yaliyopita kwenye bati lenye kutu, na uyachuje kwa kitambaa. Mtu akikwambia tumia maji ya betri, soma chupa vizuri, maana gereji nyingi zinaiita asidi kwa jina hilo hilo.

MWINYI: Sasa gesi. Kichwa kilicholala, tatizo lake la kwanza ni nozeli, kile kipande chenye tundu dogo kinachopuliza gesi. Tundu lake ni karibu milimita 0.2, chembe moja ya uchafu inatosha. Dalili: moto dhaifu, wa njano, presha haipandi. Ifungue, iloweke kwenye asetoni, kisha ipulizie kutoka mbele kurudi nyuma, kinyume na njia ya gesi. Usiingize sindano. Ukilipanua tundu hata kidogo, moto hautatulia tena, na dawa ni kununua nyingine.

REHEMA: Na oringi zote, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, badilisha. Za valvu ya gesi, za plagi ya kujazia maji, za pistoni. Mpira uliokauka miaka kumi hauna haja ya kuchunguzwa. Penye joto la mvuke weka za vaitoni, mpira unaostahimili joto, si za mpira wa kawaida. Skrubu nazo zipime kabla ya kununua. Vichwa vingi vya Kiingereza vina skrubu zenye nyuzi za BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza, na 6BA ni milimita 2.8. Ukilazimisha M3, skrubu ya milimita 3, ndani yake inaingia mizunguko miwili, halafu inakula nyuzi zote.

MWINYI: Kuna jambo ambalo watu hulipa fundi bure: kichwa kinachechemea. Silinda mbili zinazosukuma pande zote zinatakiwa zitoe pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, zenye nafasi sawa. Ukisikia mbili nzito na mbili hafifu, valvu inayogawa mvuke kwenye silinda imehama.

REHEMA: Eleza taratibu hapo.

MWINYI: Weka wenzo wa kuchagua mwendo wa mbele au nyuma mbele kabisa. Fungua kifuniko cha sanduku la valvu. Zungusha magurudumu kwa mkono mpaka pistoni ifike mwisho wa mbele. Pale valvu inapokaa, tundu la mvuke la upande huo liwe ndiyo kwanza linafunguka, ufa mwembamba kama wembe. Endelea mpaka mwisho wa nyuma. Ufa uwe uleule. Tuseme mbele umepata milimita 0.6 na nyuma 0.2. Tofauti ni 0.4, kwa hiyo unaihamisha valvu nusu yake, 0.2, siyo yote. Ukiihamisha yote umeligeuza tatizo upande wa pili. Rudia kwenye silinda nyingine, kisha jaribu mwendo wa nyuma pia.

REHEMA: Nusu ya tofauti. Kiandike ukutani hicho. Sasa siku ya kuwasha.

MWINYI: Mpangilio haubadiliki. Mafuta, maji, gesi, moto. Kwenye kilainishi, kile kikombe cha mafuta ya silinda, toa maji ya zamani kwa bomba la sindano, jaza mafuta ya silinda za mvuke, mazito, daraja la uzito ISO 460. Mafuta ya injini ya gari husombwa na mvuke wenye unyevu, silinda inabaki kavu. Boila ijaze mpaka juu, halafu chota mililita 30 kwa bomba la sindano ili mvuke upate nafasi.

REHEMA: Gesi unaijaza nje, hakuna kichwa kingine kinachowaka jirani. Ulaya wakati wa baridi wanachanganya butani na propani kwa sababu butani inakataa kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam butani tupu, ile ya kujazia viberiti, inatosha kabisa. Mchanganyiko unafanya moto uvume na kuruka mbele.

MWINYI: Fungua gesi kidogo tu, leta kiberiti juu ya bomba la moshi, moto unarudi ndani kwa mlio mdogo. Ukiwakia mbele kwenye sanduku la moshi, punguza gesi. Ikifika PSI 30, fungua mvuke kidogo, ukisukuma kichwa kwa mkono mbele na nyuma. Silinda za baridi zimejaa maji, na pistoni haiwezi kuyabana. Yatatoka juu pamoja na mafuta ya moto, basi uso usiwe juu ya bomba.

REHEMA: Tangi la gesi linapimwa ili gesi iishe kabla ya maji. Ndiyo maana hurudishii gesi bila kurudisha maji.

MWINYI: Na plagi ya maji haifunguliwi mpaka geji isome sifuri. Zungusha robo, sikiliza, kisha robo nyingine. Kichwa kikiwa bado cha moto, toa maji kwenye kilainishi na ufute mafuta kwenye magurudumu. Tarehe ya kipimo cha boila na presha iliyofikiwa ziandikwe kwenye karatasi, ikae ndani ya sanduku lake, maana atakayekinunua kwako ataihitaji.