Maji ya Mangi Yako Wapi?

Nimelisema hili Arusha, nimelisema Marangu, na hapa Moshi nalisema tena: kitabu cha mtoto kinataka uchunguzi mkali kuliko cha mtu mzima. Mtu mzima akikuta uongo atabisha. Mtoto wa darasa la tatu atauamini, ataukariri, na siku akiwa mwalimu ataufundisha.

Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, mnamjua, kwa hiyo sianzi na ukoo. Nawasimulia habari ya picha moja ya kitabu changu cha watoto juu yake.

Mchoraji wetu, kijana mwenye mkono mzuri sana, aliniletea picha ya Meli amesimama uani kwake mwaka 1892, siku chache kabla ya vita vile vya Juni alivyowashinda Wajerumani na kamanda wao von Bülow akauawa. Uso umetulia, mkuki umeshikwa sawasawa. Nyuma yake nyumba ya bati. Pembeni mibuni imezaa, buni nyekundu tele. Nikamwambia bati litoke, tuweke msonge wa nyasi. Akaniuliza, "Dada, kwani mtoto atajua?"

Niliikunja ile picha nikapanda nayo Old Moshi, maana mambo ya Meli yalitokea kule juu. Mji huu tuliomo umekua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911, Meli hakuujua. Nikamkuta bibi mmoja kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani. Nilipomwamkia akaketi kwenye kigoda, akaitandaza picha mapajani, akaiangalia kimya. Kisha akaweka kidole kwenye mibuni. "Hii nani kaipanda? Baba alikuwa akitusimulia babu alivyopewa miche ya kwanza, na Mangi alikuwa keshanyongwa zamani."

Pigeni hesabu wenyewe. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kichagga kiliundwa mwaka 1925. Meli alinyongwa mwaka 1900. Na mimi, niliyekazana na bati, ile mibuni nilikuwa nimeipitisha!

Bibi hakuishia hapo. "Na maji yake yako wapi?" Sikumwelewa. Akaninyanyua, tukapita kwenye migomba hadi kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Upana wake kama hatua moja ya mtoto. Umezibwa kwa kipande cha mgomba kilichogandamizwa na matope na majani. Akainama, akakivuta, maji yakasita, yakageuka, yakaingia shambani kwake. "Mmemchora Mangi bila mfongo. Watu wake walikuwa wanakula nini?"

Picha ilichorwa upya. Mfongo umepita katikati ya ukurasa.

Najua kuna anayesema moyoni, hadithi ni hadithi, mwache mwandishi abuni. Sikatai kubuni. Mbuzi wa Meli kitabuni jina nimempa mimi, na mwisho wa kitabu nimewaambia watoto kwamba jina hilo ni langu. Ninachokataa ni kubuni kwa sababu ya uvivu, kisha kumsingizia mtoto kwamba hatajua. Mmoja wenu aliniambia mlangoni kwamba hakuna fedha za utafiti. Nauli ya kwenda Old Moshi ni kiasi gani, jamani?

Muda unaniishia, niseme haraka. Taarifa za maofisa wa Kijerumani zisomeni, lakini kumbukeni ni maneno ya watu waliokuwa wakijieleza kwa wakubwa wao. Na ugomvi wa wamangi wenyewe kwa wenyewe msiufiche. Mtoto asipojua kwamba Moshi na Marangu hawakuwa wakielewana, hataelewa mgeni alipata wapi upenyo.

La kifo ndilo mnaloniuliza kila mara. Ndiyo, nimeliandika. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na wenzake 18, na ukoo wake unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Nilipowasomea watoto, mmoja aliuliza, "Kimerudi?" Nikamjibu ukweli: bado. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilitambua fuvu la akida wa Meli lililohifadhiwa kule Berlin. La Meli mwenyewe halijapatikana. Mtoto akauliza nani analitafuta. Nikamwambia wajukuu zake. Akatikisa kichwa, akaniambia niendelee kusoma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ya majina ya wanawake kwenye simulizi hizi tutayazungumza nje, nina mengi ya kusema. Kitabu kikitoka kiwandani, nakala ya kwanza inapanda Old Moshi. Bibi amesema apelekewe mkononi, asipewe mjukuu amletee.