Namba Moja na Ndoo za Maji

Walimu wetu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokalishwa viti vya mbele kwa sababu mmefaulu,

Mwalimu aliyenialika hapa Mtwara alitarajia, nadhani, niwasimulie jinsi mtoto wa Newala aliyesomea chini ya mkorosho alivyokuja kuwa daktari wa upasuaji. Hayo mmekwisha kuyasikia. Mimi nitazungumzia gharama yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama hiyo haikutoka kwangu.

Sisi tuliozaliwa kwenye uwanda wa juu wa Makonde tunayajua maji kwa shida yake. Mchanga wetu huimeza mvua yote, na chemchemi ziko chini bondeni, ambako mtu huteremka alfajiri na kupanda tena na ndoo kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Nilipokuwa darasa la tano niliazimia kuwa namba moja mpaka mtihani wa darasa la saba, na baba akaamuru nisisumbuliwe. Ndoo yangu haikufutwa; ilihamia kichwani kwa dada. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, uliposhambulia mikorosho, dada ndiye aliyeshinda shambani kwenye vumbi la salfa ya kuukinga, na korosho alizookota ndizo zilizoninunulia sanduku la bati, godoro na shuka nilizokwenda nazo shule ya vipaji maalumu mkoani Morogoro. Yeye aliishia darasa la saba.

Shuleni kwetu kilugha kilikatazwa, nami, kwa kutaka kuwa wa kwanza katika kila jambo, nililitii katazo hilo hata nyumbani. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, alinisemesha Kimakonde nikamjibu kama mgeni aliyepita njia. Alifariki wakati wa masika, nikiwa kidato cha tatu. Daraja la Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, halikuwapo bado. Tulivuka kwa kivuko, na barabara ya kusini ikishika tope basi liliweza kulala njiani siku kadhaa. Habari ilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa. Nimezoea kuilaumu barabara. Ila wiki ile tulikuwa na mtihani wa fizikia, na sina hakika kwamba ningeondoka.

Huku kwetu kila mtoto mwenye akili huambiwa awe kama Mzee Mkapa, mzaliwa wa Masasi aliyepitia Ndanda na Pugu hadi Makerere, na baadaye Ikulu. Ni mfano mzuri, lakini tunauhesabu kwa majina ya shule tu, kana kwamba mtu hupanda ngazi ambayo haikushikwa na yeyote chini.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la karibuni. Ukoo wetu hufuata upande wa mama, na mjomba ana wajibu ambao baba hawezi kumbebea. Wapwa zangu wawili walipopelekwa jandoni nilikuwa zamu ya usiku hospitalini, na nilituma fedha kwa simu. Fedha zilipokewa kwa shukrani, nafasi yangu ikasimamiwa na mzee wa jirani, na mpaka leo vijana wale wakiwa na jambo zito humwendea yeye. Sina haki ya kuona wivu, ila ninauona.

Desemba iliyopita nilikaa na dada akichambua korosho zake kabla ya kuzipeleka ghalani. Kijiji kizima kilijua, tangu nikiwa na miaka kumi, kwamba nilitaka kuwa daktari. Baba alimtangazia hata mpita njia. Nikamuuliza dada, kwa mara ya kwanza maishani mwetu, yeye alitaka kuwa nani. Hakuacha kuchambua. Alijibu kwa Kimakonde, maneno machache, akacheka kidogo. Sikuyaelewa yote, na nikaona haya kumwomba ayarudie.