Muhula Mmoja Trinidad: Elimu ya Yadi ya Ngoma za Chuma

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi wenzangu, mabibi na mabwana.

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza na wale wanaokusudia kusoma muhula mmoja katika visiwa vya Karibi. Mimi nilisoma Trinidad, katika kampasi ya St. Augustine ya Chuo Kikuu cha West Indies, chuo kilichoanzishwa Mona, Jamaika, mwaka 1948. Si chuo kigeni kwetu, kwani Walter Rodney wa Guyana, aliyehitimu Mona mwaka 1963, ndiye aliyekuja kufundisha historia Dar es Salaam. Neno langu leo ni moja: anayekwenda Trinidad na ajifunze kupiga pani, kwa maana sehemu kubwa ya historia ya kisiwa kile imo ndani ya ala hiyo.

Pani ni ngoma ya chuma inayotengenezwa kwa pipa la mafuta. Fundi hulipindua pipa na kuigonga sakafu yake kwa nyundo nzito hadi ibonyee kama karai, kisha huchora mipaka ya noti, huikata pipa kwa urefu unaotakiwa na kuipasha moto. Kazi ngumu huja mwisho, pale anaposhika nyundo ndogo na kugonga kila sehemu, huku akisikiliza, mpaka itoe sauti yake barabara. Pani ya sauti ya juu, iitwayo “tenor”, hukatwa fupi, ilhali ya besi hubaki karibu pipa zima, na mpigaji mmoja husimama katikati ya mapipa sita au zaidi, akigeuka huku na huku na vijiti vyake vilivyofungwa mpira nchani.

Ala hii ilizaliwa kwa sababu watu walinyimwa ngoma. Utumwa ulipokomeshwa kabisa mwaka 1838, Waafrika waliokuwa huru waliingia katika Kanivali, sherehe za mitaani za kabla ya Kwaresima, kwa mienge, nyimbo na ngoma zao. Mwaka 1881 polisi wa kikoloni walipambana nao katika mitaa ya mji mkuu, Port of Spain, na muda si mrefu sheria ikapiga marufuku ngoma zile. Watu wa mitaa ya maskini wakakata mianzi ya urefu mbalimbali, wakawa wanaigonga ardhini kutoa mdundo. Katika miaka ya 1930 wakaongeza makopo ya biskuti, mapipa ya taka na vyuma vya breki za magari, na katika miaka ya 1940 vijana wakalifikia pipa la mafuta, ambalo halikuwa adimu katika kisiwa chenye visima vya petroli na kambi ya jeshi la Marekani. Kwa miaka mingi wapigaji waliitwa wahuni, na familia nyingi ziliwakataza binti zao kukaribia yadi, yaani viwanja vya mazoezi ya pani. Hata hivyo, mwaka 1951 kundi la wapigaji wa pani wa Trinidad liitwalo TASPO lilipiga London, mwaka 1963 yakaanza mashindano ya makundi ya pani yaitwayo Panorama, na mwaka 1992 pani ikatangazwa kuwa ala ya taifa. Nasisitiza mpangilio huu wa miaka kwa sababu wageni wengi huiona pani kama burudani ya hotelini, na huko ni kuwadhulumu waliopigwa virungu kwa ajili ya mdundo.

Ukandamizaji huo wa wakoloni haukuwagusa Waafrika peke yao. Kuanzia mwaka 1845 hadi 1917 Waingereza waliwaleta Wahindi zaidi ya laki moja kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Waislamu miongoni mwao waliadhimisha Muharram kwa maandamano yaitwayo Hosay, na mwaka 1884 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji karibu na San Fernando wakaua watu. Hosay ingali hai mtaani St. James, ambako ngoma za tasa huwekwa karibu na moto ili ngozi zikaze kabla ya kupigwa.

Sasa turudi yadini. Kundi kubwa la Panorama huwa na wapigaji hadi 120, na wengi wao hujifunza bila karatasi ya noti. Kiongozi wa sehemu hupiga kipande kifupi, wenzake hukirudia mpaka mikono yote iende sawa, ndipo kipande kinachofuata kinapoongezwa, na mazoezi hufika usiku wa manane. Ubavuni mwangu alisimama binti wa shule, na nyuma yetu fundi magari mwenye mvi. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi kabla ya kunionyesha mahali pa kushikia vijiti.

Kwa hiyo chagueni muhula unaoanza Januari, ambao huangukia msimu wa Panorama na Kanivali, na wiki ya kwanza kabisa tafuteni yadi iliyo karibu na chuo. Kisha msiiache baada ya Jumatano ya Majivu. Watalii wakishaondoka, mafundi huanza kuzisawazisha upya pani zilizochoka, na hapo ndipo wanapopata muda wa kumweleza mwanafunzi kwa nini noti hii imekaa karibu na ile.