Iceland Ilivyoingia Ukristo kwa Njia ya Sheria

Ndugu wasikilizaji, Ukristo ulipoingia Skandinavia, mara nyingi ulianzia kwa mfalme. Harald Bluetooth wa Denmark alibatizwa miaka ya 960, akasimamisha jiwe la Jelling lenye maandishi ya kujisifu kuwa ndiye aliyewafanya Wadenmark Wakristo. Olaf Tryggvason wa Norwei, kuanzia 995, aliwabatiza watu kwa vitisho na kwa upanga. Iceland haikuwa na mfalme, kwa hiyo tutakaa huko.

Nchi iliongozwa na machifu walioitwa goði, na kila kiangazi walikutana Althing, baraza lililoanzishwa 930 huko Thingvellir. Sheria haikuwa imeandikwa popote. Msema Sheria alisimama kwenye Mwamba wa Sheria akaikariri kwa kichwa, theluthi moja kila mwaka, ili baada ya miaka 3 watu wawe wameisikia yote. Hili mlishike, maana bila hilo yaliyotokea mwaka 1000 (wengine huhesabu 999) hayaeleweki.

Olaf alimtuma padri Thangbrand. Alibatiza machifu kadhaa, akiwemo Hall wa Síða, lakini pia aliua watu wawili watatu waliomtungia mashairi ya kejeli. Akarudi Norwei kusema watu wale hawafai kitu. Mfalme akatishia kuwakata viungo au kuwaua Waiceland waliokuwa nchini mwake. Gizur Mweupe na Hjalti Skeggjason wakamtuliza kwa ahadi kwamba wao wenyewe watajaribu tena. Hjalti alikuwa ameshahukumiwa uhamisho, kisa ni shairi la kumtukana mungu wa kike Freyja. Hata hivyo akaja barazani.

Pale pande mbili, Wakristo na wapagani, nusura zipigane. Kisha kila upande ukaita mashahidi na kutangaza kuwa haushirikiani tena na mwingine katika sheria. Kwa maoni yangu hatari ilikuwa hapo kuliko kwenye silaha. Sheria inayoishi kinywani mwa mtu mmoja ikipata vinywa viwili, mirathi, ndoa na fidia za damu zingeamuliwa na nani? Wakristo walimteua Hall awe msema sheria wao. Yeye, badala ya kukariri sheria mpya, akapatana kwa malipo na Thorgeir, Msema Sheria aliyekuwepo, mpagani, ili aitamke yeye kwa niaba ya wote. Wapo wanaoiita rushwa. Mimi naona Hall alijua kuwa hukumu ya mpagani ndiyo pekee ambayo wapagani wangeimeza.

Thorgeir akaenda kwenye kibanda chake, akajifunika joho, akalala mchana uliobaki na usiku kucha bila kusema neno. Asubuhi aliwaita watu, akawataka kwanza wakubali kuwa nchi iwe na sheria moja, akisema wakiigawa sheria watakuwa wameigawa amani. Walipokubali ndipo akatamka: wote wabatizwe. Akaacha mambo matatu: kutupa watoto wachanga kubaki kama zamani, kula nyama ya farasi vivyo hivyo, na kutambika kuruhusiwe kwa siri. Ukionekana na mashahidi, uhamisho wa miaka 3. Baada ya miaka michache ruhusa hizo zilifutwa. Ubatizo wenyewe wengi waliufanya kwenye chemchemi za moto wakiwa njiani kurudi, maana maji baridi hawakuyataka.

Kilicholegalega ni kanisa lenyewe. Askofu wa kwanza mzalendo, Ísleif, mwana wa yule Gizur, aliwekwa wakfu 1056 tu. Kabla ya hapo machifu walijenga makanisa kwenye mashamba yao, wengine wakawa mapadri wenyewe, na kanisa likabaki mali ya mwenye shamba. Sheria ya zaka ya 1097 ikawanufaisha: asilimia 1 ya mali kwa mwaka, kwa kukadiria kuwa mali huzaa asilimia 10, nayo ikagawanywa mafungu manne, la askofu, la padri, la jengo na la maskini. Fungu la padri na la jengo, yaani nusu nzima, lilipitia mikononi mwa mwenye kanisa. Maaskofu walizozana na matajiri hao hadi 1297, yalipofikiwa makubaliano: shamba ambalo lote ni mali ya kanisa likabidhiwe kwa askofu, na ambalo watu wa kawaida wanamiliki nusu au zaidi libaki kwao.