Mhunzi wa Woolwich na Parafujo Iliyozaa Nyingine

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamzungumzia Henry Maudslay, mhunzi wa Kiingereza aliyezaliwa Woolwich, kando ya mto Thames, mwaka 1771, na ambaye hadi anafariki mwaka 1831 alikuwa akimiliki karakana kubwa ya mashine mjini London. Kaka, alianzia wapi?

KAKA: Alianzia kwenye baruti, dada. Akiwa na umri wa miaka 12 aliajiriwa katika ghala la silaha la serikali palepale Woolwich, akijaza risasi baruti. Baadaye alipelekwa kwenye useremala, lakini moyo wake ulikuwa kwa wahunzi, na alipofika miaka 15 akahamishiwa kwao. Sifa za mkono wake zilienea hata Joseph Bramah, mtengenezaji wa kufuli, akamwajiri akiwa na miaka 18 tu.

DADA: Bramah aliweka kufuli dirishani mwa duka lake na kuahidi zawadi kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo, na kufuli hilo, alilolitengeneza Maudslay, liliwashinda watu hadi mwaka 1851. Hapa ndipo ninapoumia: fundi wa namna hiyo, aliyekwisha kuwa msimamizi wa karakana nzima na mwenye familia ya kulisha, alilipwa shilingi 30 kwa wiki, na alipoomba aongezewe akakataliwa.

KAKA: Akafungasha virago. Mwaka 1797 alifungua karakana yake ndogo katika mtaa wa Wells, karibu na Oxford Street. Naomba nikae hapa kidogo. Zama zile hesi, yaani mifereji inayozunguka parafujo, zilikatwa kwa mkono, kwa hiyo kila bolti ilikuwa na nati yake peke yake, na mafundi walipofungua mashine iliwabidi watie alama kila jozi, maana nati ikipotea, hakuna nyingine iliyoingia. Maudslay aliunda mashine ya kukereza ya chuma, yenye parafujo kuu inayozungushwa kwa magurudumu ya meno, ambayo huisogeza patasi kwa mwendo uleule kando ya chuma kinachokerezwa. Fundi akitaka hesi pana au nyembamba, hubadilisha magurudumu. Patasi haishikwi tena kwa mkono.

DADA: Lakini wapo waliobuni sehemu hizo kabla yake.

KAKA: Wapo, na haki yao tuwape. Yeye aliziunganisha, akazijenga imara, kisha akahangaika na parafujo ile kuu mpaka ikawa sahihi, kwa kuwa kila kosa lake lingerithiwa na parafujo zote zitakazozaliwa nayo.

DADA: Ndipo zikaja kapi, yaani roda za kupitishia kamba za tanga. Mhandisi Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, alihitaji mtu wa kumtengenezea mashine za kuchonga kapi za mbao za manowari. Wasikilizaji wa pwani wanaijua kapi ya jahazi. Manowari moja ilibeba mamia. Maudslay aliunda mashine zipatazo 45 kwa ajili ya bandari ya Portsmouth, na inaelezwa kuwa watu 10 wasio mafundi waliweza kufanya kazi ya mafundi 110. Siwezi kuisoma hesabu hiyo bila kuwafikiria wale 100 waliobaki.

KAKA: Nami vilevile, dada. Ila karakana yake yenyewe haikuacha kulea mafundi. Alipohamia Lambeth mwaka 1810 iligeuka kuwa chuo hasa: Joseph Whitworth, James Nasmyth na Richard Roberts, waliokuja kuwa wahandisi mashuhuri, wote walipita mikononi mwake. Kwenye meza za kazi aliwawekea bamba za chuma zilizosawazishwa sana. Fundi hupaka rangi bamba, akaligusisha na kazi yake, na penye kinundu rangi hushika, naye hukikwangua na kurudia.

DADA: Na wakibishana kuhusu kipimo?

KAKA: Waliiendea mikromita yake, iliyopima hadi sehemu 1 ya 10,000 ya inchi. Aliipa jina la Lord Chancellor, cheo cha jaji mkuu wa nchi yao, kwa kuwa ikishatoa hukumu, hapakuwa na rufaa.